Nani Apite Kwanza? Foleni Iliyomo Ndani ya Swichi

  

Leo nina swali moja, na nitakusumbua nalo mara kadhaa. Intaneti ya ofisini kwako, au ya shuleni, au ya hospitalini, inapokuwa ndogo kuliko watu wanaoihitaji, nani ameamua nani apite kwanza?

Usiniambie bado. Nisikilize kwanza.

Sizungumzii bando la simu yako ya mkononi. Nazungumzia kile kisanduku chenye taa za kijani zinazomulikamulika, kilichofungwa ukutani kwenye chumba cha TEHAMA au kufichwa nyuma ya kabati la mafaili, kimejaa nyaya mbele. Kinaitwa swichi. Kompyuta ya masijala inapitia hapo. Printa inapitia hapo. Kamera za ulinzi, simu za mezani za kisasa, kompyuta ya mhasibu, Wi-Fi ya wageni, zote zinakutana hapo. Kisha zinaelekea kwenye kisanduku kingine, ruta, ambacho ndicho mlango wa kutokea kwenda nje.

Neti ikisumbua, wengi wetu tuna majibu mawili tu. La kwanza, tunailaumu kampuni inayotuletea mtandao. La pili, tunamwomba mkuu anunue kasi kubwa zaidi. Majibu hayo yana sababu. Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika huko upande wa Afrika Kusini, na nchi yetu pamoja na majirani ikayumba kwa siku kadhaa. Siku hiyo hakuna afisa TEHAMA wa Mbeya wala wa Iringa aliyekuwa na la kufanya kuhusu bahari.

Lakini jiulize. Intaneti haikufa kabisa siku zile. Ilibaki kidogo. Kile kidogo kilichobaki, ofisini kwako nani alikigawa? Nathubutu kusema kwamba mahali pengi hakuna aliyekigawa. Aliyewahi ndiye aliyepata. Kijana anayepakua msimu mzima wa tamthilia alipata sawa na daktari anayetuma picha ya kifua cha mgonjwa, na pengine alipata zaidi, kwa sababu tamthilia haichoki kuomba.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna sababu ya kujiona tuko mbali na njia kuu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita kwetu: Iringa, Mbeya, hadi Tunduma mpakani na Zambia. Shida yetu ya leo iko ndani ya majengo yetu wenyewe.

Sasa twende Kitonga. Sote tunaijua Kitonga. Umetoka Mahenge, unaanza kupanda kuelekea Ilula, na mbele yako yamejipanga malori ya Zambia na Kongo. Lori moja likizimika kwenye kona, kila kitu kinasimama. Nyuma kabisa kuna gari la wagonjwa linapiga king'ora. Unaweza kupanua barabara yote ya Mikumi, ukaipanua na ya kutoka Ilula hadi Ipogolo. Ikiwa ule mpando umebaki mwembamba, na hakuna askari wa kumwambia mwenye lori asogee, gari la wagonjwa litasubiri nyuma ya lori la mbolea. Mbolea nayo ni muhimu, sikatai. Ila mbolea ikichelewa saa moja haifi.

Swichi isiyopangwa ndiyo Kitonga isiyo na askari. Anayefika kwanza anapita kwanza, bila kujali amebeba nini.

Tuingie ndani kidogo. Kila kitu kinachosafiri kwenye mtandao hukatwa vipande vidogo, mafundi wanaviita pakiti. Pakiti kubwa ya kawaida hubeba baiti 1,500 tu. Kwa hiyo sinema ya gigabaiti moja ni pakiti karibu laki saba, zote zinataka kupita kwenye waya uleule ambao mwenzako anapigia simu. Simu ya sauti yenyewe ni ndogo sana. Haizidi kilobiti 100 hivi kwa sekunde. Haihitaji nafasi kubwa. Inachohitaji ni kutosubirishwa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa anayesema hadi sikio la anayesikiliza. Ikizidi sana hapo, watu wawili wanaanza kukatizana maneno, kila mmoja anasema "samahani, endelea wewe," na mazungumzo yanaharibika. Barua pepe, kwa upande wake, ikichelewa sekunde nzima, nani atajua?

Mmeuona msingi wake? Kuna kazi zinazotaka nafasi kubwa lakini zina subira, na kuna kazi zinazotaka nafasi ndogo lakini hazina subira hata kidogo. Kuzichanganya kwenye foleni moja ni kuzionea zile ndogo.

Ndiyo maana waliotengeneza viwango vya swichi waliweka alama. Pakiti inaweza kubeba daraja, kuanzia 0 hadi 7. Madaraja ya 6 na 7 huachiwa vifaa vyenyewe vinapopeana habari za njia. Simu za sauti kwa desturi huwekwa la 5. Asiye na alama yoyote huhesabiwa wa 0. Na hapa pana kichekesho: daraja la 1 liko chini ya 0. Limetengwa kwa kazi zisizo na haraka kabisa, kama kunakili mafaili usiku. Nimewahi kusikia fundi akijisifu kwamba ameipandisha kompyuta ya mkuu "hadi namba moja". Mkuu hakujua, na fundi hakujua. Kuna pia alama nyingine ambayo pakiti huendelea kuibeba hata ikivuka ruta. Hiyo ina nafasi 64, na kwa simu za sauti mafundi wa dunia nzima wanatumia namba 46.

Sasa swali. Alama hiyo anaiweka nani? Ukimwachia kila mtu ajiwekee mwenyewe, kesho malori yote ya Kitonga yatafunga ving'ora. Kompyuta ya mwanafunzi mjanja inaweza kujiandikia 46 kwenye kila pakiti ya mchezo wake. Swichi ikiamini kila inachoambiwa, umeshindwa kabla hujaanza. Kwa hiyo fundi makini huiambia swichi: poti hizi za maabara, usiziamini, futa alama zao zote, zirudi 0. Poti hii ya simu za mezani, iamini. Poti ya mashine ya eksirei, wewe mwenyewe iwekee alama.

Hapa nina maoni yangu, na wapo mafundi watakaonipinga. Panga kwa mahali, usipange kwa programu. Watu wanapenda kuambiwa kwamba kifaa chao kitatambua WhatsApp ni ipi, YouTube ni ipi, mkutano wa video ni upi. Siku hizi karibu kila kitu kimefungwa kwa usimbaji. Kifaa kinakisia tu, na kinakosea. Lakini poti ya dirisha la malipo haikisiwi. Iko palepale, waya wake unaonekana, na unajua anayekaa pale anatoa kontrol namba kwa wananchi waliosimama foleni. Tenga idara kwa idara, kila moja na mtandao wake mdogo ndani ya swichi ileile, kisha uzipe uzito.

Nimesema uzito. Uzito ni neno kubwa hapa, maana kuna namna mbili za kuhudumia foleni. Namna ya kwanza ni kali: foleni ya juu ikiwa na mtu, za chini zote zinasimama. Inafaa kwa sauti, kwa sababu sauti ni ndogo. Lakini ukiweka kitu kikubwa kwenye foleni hiyo, kwa mfano video za kamera kumi na mbili zinazorekodi usiku na mchana, wengine wote watakufa njaa. Sitanii. Kompyuta zitawaka, taa za swichi zitamulika, na hakuna ukurasa utakaofunguka. Namna ya pili ni ya zamu zenye uzito: foleni hii inapitisha pakiti nne, ile mbili, ile moja, kisha tunarudi mwanzo. Hakuna anayekosa kabisa. Kwa taasisi zetu nyingi, sauti iwekwe kwenye ile kali, tena iwekewe ukomo, na vingine vyote vipite kwa zamu.

Na kugawa si kukata vipande kama keki ya harusi. Chuo kina megabiti 20 kwa sekunde; mtu anaipa ofisi 15 na maabara 5, anafunga, anaenda nyumbani. Saa kumi na moja jioni ofisi zimefungwa. Zile 15 zimelala. Wanafunzi sitini wanagombania 5, na ni wiki ya mwisho ya kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Mgawo mzuri unasema hivi: maabara ihakikishiwe 5 hata ofisi ikiwa na shughuli nyingi kiasi gani, na ofisi isipotumia zake, maabara ikope. Vifaa vingi vinaweza hilo. Kinachotakiwa ni mtu aliyeketi akalifikiria.

Sasa naomba utulie hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na wengine wametumia fedha nyingi kwa kupotea hapa.

Foleni inatokea wapi? Foleni inatokea mahali pembamba. Ndani ya jengo lako, waya unaotoka kwenye kompyuta hadi kwenye swichi unabeba gigabiti moja, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Mkataba wako na kampuni ya mtandao ni megabiti 20. Pembamba ni wapi? Si kwenye swichi. Ni mlangoni, kwenye ruta. Unaweza kununua swichi ya bei mbaya, ukapanga madaraja yote manane kwa ustadi, na usione tofauti yoyote kwenye intaneti, kwa sababu kwenye swichi hapakuwa na foleni ya kupanga. Askari umemweka Ruaha Mbuyuni wakati lori limekwama Kitonga.

Tena kuna gumu jingine. Vitu vinavyokuja kutoka nje hupanga foleni kwenye kifaa cha kampuni, huko kwao, kabla havijakufikia. Ile foleni si yako, huna mkono nayo. Ufanyeje? Mafundi wana ujanja mmoja ambao wahasibu hawaupendi. Ruta yako uiwekee ukomo chini kidogo ya ulicholipia. Umelipia 20, weka 18. Basi foleni inahama, inakuja kwako, na wewe sasa ndiye mwenye kuipanga. Mhasibu atasema, "Mwalimu, tumelipia ishirini, kwa nini tutumie kumi na nane?" Mjibu kwa heshima: "Hizo mbili, mama, ndizo mshahara wa askari." Ukinunua kasi zaidi bila kufanya hivyo, wiki ya kwanza kila mtu atafurahi, na baada ya miezi michache matumizi yatapanda hadi kujaza tena.

Na usisahau upande wa kupeleka. Chukua steshenari yoyote karibu na vyuo vya Iringa, au pale Mwanjelwa, wanakojaza watu fomu za vyuo na za mikopo. Kompyuta tano, mtandao mmoja. Mtu mmoja anapandisha video ya harusi YouTube. Ghafla kurasa za wote zinagoma kufunguka, ingawa wao wanapokea tu, hawapeleki chochote. Kwa nini? Kwa sababu hata unapopokea, kompyuta yako inarudisha vijibu vidogo: nimepata hiki, leta kingine. Vile vijibu vimekwama nyuma ya video ya harusi. Visipofika, upande wa pili unapunguza mwendo. Wekea ukomo upandishaji wa video, na steshenari nzima inapumua. Ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vimeenea sana kwetu kwa sababu ya bei, zinafanya hili bila gharama ya ziada. Sehemu yake ipo kwenye menyu.

Je, swichi basi haina kazi? Ina kazi, tena kubwa, pale ambapo pembamba pako ndani. Hospitali yenye majengo mawili au matatu, yameunganishwa kwa waya mmoja. Jengo moja lina kompyuta arobaini, kamera, na mashine ya CT ambayo uchunguzi mmoja unaweza kufikia mamia ya megabaiti. Seva iko jengo la pili. Nyaya arobaini zinaingia, mmoja unatoka. Hapo ndipo pana foleni ya kweli, na hapo swichi ipangwe vizuri: simu ya dharura ya wodini mbele, kisha picha za wagonjwa na mfumo wa kuandikisha, kamera zifuate, na kunakili kumbukumbu za seva kusubiri usiku. Chuo chenye kampasi mbili zilizounganishwa kwa mnara wa redio, vivyo hivyo; mvua kubwa ya Mbeya ikipiga, kiungo cha redio kinaweza kushuka kasi, na mpango wa foleni ndio unaookoa mkutano wa mtihani.

Ila lazima uwe na swichi inayopangika. Zile ndogo za poti nane zinazouzwa madukani, nyingi ni bubu. Huingii ndani yake, huipi amri. Si mbaya kwa duka la vitabu. Kwa hospitali, hapana.

Nirudie kwa wale waliofungua redio sasa hivi: foleni iko mahali pembamba, tafuta pembamba kwanza, ndipo upange. Na swali letu bado liko mezani. Nani ameamua nani apite kwanza?

Maana ukweli ni kwamba fundi hawezi kuliamua. Hata akiwa hodari namna gani. Fundi anajua jinsi ya kuiambia swichi. Hajui kama usajili wa wanafunzi wiki hii una uzito kuliko kikao cha bodi. Anayejua ni uongozi. Na uongozi mara nyingi unatoa amri moja tu: "Kijana, ya kwangu iwe ya kwanza." Kijana anatii, afanyeje? Basi ofisi ya mkuu, ambaye nusu ya wiki yuko safarini Dodoma, inalindiwa nafasi, na dirisha la bima, ambako mama mwenye mtoto mgongoni anasubiri kadi yake ihakikiwe, linazungukazunguka. Mimi nasema wazi: foleni ipangwe kwa kazi, isipangwe kwa cheo. Mkuu akiwa kwenye mkutano wa video, mkutano upite mbele, kwa kuwa ni mkutano. Akiwa anaangalia mpira, asubiri kama sisi.

Kwa hiyo kaeni kikao kimoja. Mkuu, daktari au mwalimu wa taaluma, mhasibu, na afisa TEHAMA. Muulizane kila idara: kazi yako ikichelewa sekunde tano, nani anaumia? Ikichelewa saa nzima? Majibu yaandikwe nusu ukurasa, yasainiwe. Afisa TEHAMA akiwa na karatasi hiyo, hata akipigiwa simu na mkubwa usiku, ana la kuonyesha.

Na nyinyi maafisa TEHAMA, mnaonisikia huku mkijifanya hamnisikii, nina mambo madogo kwenu. Kabla ya kubadilisha chochote, pimeni saa nne asubuhi, wakati ofisi imechangamka, si saa moja jioni. Mtu mmoja apakue faili kubwa, na mwingine ahesabu milisekunde za kwenda na kurudi. Badilisheni, kisha mpime tena saa ileile. Msipoona tofauti, hamjapagusa pembamba. La pili, hifadhini. Kwenye swichi nyingi amri mnazoandika zinakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu hadi muiambie ihifadhi. Umeme ukikatika jioni, na mnajua unakatika, asubuhi swichi inaamka haikumbuki chochote, na watu wanasema mfumo wa foleni haufanyi kazi. Wekeni nakala pia nje ya swichi, kwenye faili lenye tarehe.

Muda wangu unaniambia nifunge. Kesho ukifika kazini, nenda kwa afisa TEHAMA wako, msalimie vizuri, umwombe akuonyeshe mambo mawili: pembamba pa mtandao wenu pako wapi, na karatasi inayosema nani anatangulia hapo. Kama karatasi haipo, mwombe mkuu wako aitishe kile kikao kabla ya mwisho wa mwezi. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza kuhusu nywila za ofisi na tabia ya kuzibandika kwenye kioo cha kompyuta.